Baba Haogopi Tena

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, sijui wewe huko na panya wako wa maabara. Baba yako ametoka hospitali, homa ya ubongo imemwacha. Lakini nimeletewa mtu mwingine! Yule aliyekuwa akikagua kitasa mara tatu kabla ya kulala, sasa anaacha mlango wazi na kumpapasa mbwa mkali wa jirani. Jana karudi kazini, akapanda paa la ghorofa mbili bila kamba kiunoni. Mafundi wenzake wakampigia makofi, na mimi nikapiga. Miaka yote nikimcheka kwa woga wake alinijibu, "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Juzi nimemkumbusha, akacheka tu.

Mama yako

21 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila barua yako imeninyima raha. Msimpigie makofi. Ndani ya ubongo kuna kipande kidogo kama lozi. Humo seli ni za aina nyingi, zimechanganyika kama mchele na chuya: nyingine zinapandisha hofu, nyingine zinaituliza, nyingine zinatuvuta kwenye kitu kitamu. Kazi yangu ni kuzima aina moja kwa mwanga ninaoupitisha hadi ubongoni, nione panya atafanya nini. Panya niliyemzimia zile za hofu alirudi kwenye bati lililompiga umeme, akajilaza. Nikiuondoa mwanga, anakimbia. Za Baba hazikuzimwa, Mama, nadhani homa imeziua. Mrudishe kwa daktari, na ngazi uifiche.

Mwanao

5 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nasema sijambo, basi tu. Daktari amesema kama wewe, ila kwa maneno marefu. Ngazi niliificha kwa shangazi yako, baba yako akapanda kwa bomba la maji. Wiki iliyopita alisimama ukingoni kabisa, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akanitazama usoni, akanipungia mkono. Aliposhuka akaniuliza, "Ulikuwa unafurahia nini vile?"

Hofu iliyo usoni mwangu yeye haioni, mwanangu. Nililia mbele yake, akaniletea chai.

Sasa tumepatana: anajifunga kamba, inazungushwa kwenye boriti, ncha nyingine naishika mimi. Mafundi wanacheka, eti mke anachunga mbuzi. Viganja vimechubuka. Jumatatu anaanza paa la shule, refu kuliko yote. Wewe uliyesoma, niambie ukweli: hizo seli zikifa, huota tena?

Mama yako

22 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne, ndiyo maana imechelewa, na Jumatatu yako imeshapita. Nisamehe. Panya naweza kumrudishia hofu yake kwa kubonyeza kitufe. Baba yangu siwezi, na hapa hakuna anayeweza, nimewauliza wote.

Hazioti, Mama. Vaa glavu, na kamba usiiachie.

Mwanao