Mjomba Kanawa Sharubati

Janeth, niko chooni hotelini, nimekimbia. Mjomba Gervas kanawa mikono kwenye SHARUBATI!

Si nilikwambia wazazi wa Allen wametualika bafe leo wauone ukoo wangu kabla ya posa? Kumbe hoteli ina wiki ya vyakula vya Taiwan. Mikate ya mvuke yenye nyama ya nguruwe, nimekula mitano bila aibu. Magimbi yetu yale yale ya kwetu Mkuyuni, eti wameyafanya vidonge vitamu na barafu juu!

Sasa kwenye meza ya vitamutamu kulikuwa na bakuli kubwa la sharubati ya tangawizi, ya uvuguvugu, ya kumiminia tofu, ile jibini laini ya soya. Mjomba akaiona, akakunja mikono ya koti, akanawa. Janeth, AKANAWA! Mpaka viwiko.

"Hoteli ya maana hii. Hata maji ya kunawa wametia tangawizi."

Na kwetu mkubwa akishanawa, wengine wanafuata. Wajomba wanne wakapanga foleni!

Mpishi mdomo wazi. Allen anaangalia dari. Mimi natamani ardhi inimeze.

Mama yake Allen, yule wa kunisahihisha mezani "kisu mkono wa kulia", ndiyo kwanza ametoka kuinywa sharubati hiyo hiyo. Akaweka kibakuli chake chini. Akavua bangili. Akanawa!

Mjomba akafurahi: "Hawa tutakula nao."

Mama yake Allen akaninong'oneza, mikono inanata: "Ukimsimulia mtu yeyote, harusi hakuna."

Kwa hiyo Janeth, hujasikia kitu.