Mkono Uliouinua Mbele ya Duka la Nazi

Mama yangu uliyelala Mbwera,

Leo nimesimama tena pale ulipokuwa ukivukia, mbele ya duka la nazi, na nimerudi nyumbani sijui kama nimefurahi au nimeudhika. Nimeona nikuandikie wewe, maana kila ninayemweleza ananipa jibu kabla sijamaliza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka shamba la mpunga kwa mtumbwi, mimi nimekaa katikati juu ya kapu? Boti ya injini ikitokea kwenye kona ya mikoko, uliinua kafi juu, na mwenye boti akapunguza mwendo mpaka wimbi lake likatufikia dogo, la kutubembeleza tu. Siku moja nilikuuliza, asipopunguza je? Ukasema, "Ameniona. Mtu akishakuona anapunguza." Ukaendelea kupiga kafi.

Magoti yalipoanza kukusumbua ukahamia kwangu Kibiti, na ulikuja na mkono uleule. Malori ya Lindi yanapita kwa kasi, wewe unafika ukingoni, unainua mkono, unasubiri kidogo, halafu unaingia barabarani kwa hatua zako za taratibu. Vijana wa bodaboda walikutania. "Bibi, hapa si Mbwera, hapa watu wanakimbia." Nawe hukugeuka hata kuwatazama. "Nikimbie, kwani nimeiba?" Walicheka mpaka wakalalia pikipiki zao. Na kweli magari mengi yalipunguza, hata mimi nikazoea.

Asubuhi ile lori halikupunguza. Walioona waliniambia uliinua mkono kama kawaida yako. Lakini hakuna anayeweza kuniambia ulikuwa unakwenda kufuata nini ng'ambo. Nazi zilikuwepo nyumbani. Chumvi ilikuwepo. Bakuli lako la bluu ulilifunika vizuri mezani, kama mtu anayerudi sasa hivi.

Tulikurudisha Mbwera kwa boti. Nahodha aliendesha polepole njia nzima, na mitumbwi tuliyopishana nayo haikuhitaji kuinua kafi. Kaka alisema tulipotoka makaburini, "Siku yake ilifika." Nikaitikia, na neno hilo nikarudi nalo Kibiti, likanishikilia.

Sasa mji wetu una mpango, mama. Walituita chini ya turubai pale ofisi ya kata, na binti mmoja mhandisi akasema wanataka Kibiti asife mtu barabarani, wala asivunjike mguu. Hata mmoja. Mzee wa mtaa wa pili akamuuliza, "Hata mmoja? Unashindana na Mungu, binti?" Akajibu kwa adabu, "Hapana, babu. Nashindana na malori." Watu wakacheka. Lakini alichosema baadaye kilinichanganya. Alisema mtu yeyote hukosea, awe dereva au mwenda kwa miguu, na barabara nzuri ni ile ambayo ukikosea hufi, ndiyo maana wanataka kuweka matuta na vivuko.

Basi nikakaa na maneno mawili kichwani. Kama siku yako ilifika, tuta la nini? Na kama tuta lingekuokoa, mbona halikuwepo? Nimkasirikie nani, dereva, barabara, au huo mkono wako? Kaka nilimpigia simu. Akasema, "Dada, ukianza hivyo hutalala." Ni kweli, silali vizuri.

Binti yule alikuja mpaka kwangu akaniomba nimwonyeshe ulipokuwa ukivukia. Nikamwonyesha. Yeye na wenzake wakachora mistari myeupe palepale, wakapanga matairi mabovu yaliyojazwa mchanga ili magari yapunguze. Ni majaribio tu. Kwa sasa kitajengwa kivuko kimoja cha kudumu, na wafanyabiashara wa stendi wanataka kihamie kwao. Kesho kuna kikao cha kuamua, na wameniomba niseme neno kama mfiwa. Jirani ananiambia, "Waache wakipeleke stendi, mama Zuhura, utapitaje hapo kila siku?"

Ndiyo maana leo nilikwenda. Tangu uondoke nilikuwa nazunguka mbali, navukia kule kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Leo nikasimama kwenye mistari, nikainua mkono. Lori likaja, limejaa mbao. Likapunguza, likasimama kabisa. Mimi nikabaki pale na mkono juu. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Pita, mama. Nimekuona."

Alisema hivyo hivyo, mama. Nimekuona.

Nikavuka. Nilipofika dukani muuzaji akaniuliza anipe nini. Nilikuwa nimefika ng'ambo bila haja yoyote. Nikanunua nazi, wakati nazi zipo nyumbani. Labda na wewe hukuwa unafuata kitu. Labda ulitaka tu kuvuka, ukatembee upande wa pili, urudi kula. Sijui, na naona sitajua.

Kesho nitawaambia kivuko kibaki hapo. Stendi nao wakiombe chao, nitawaunga mkono. Kaka anaweza kuwa sahihi, na yule binti pia, mimi sijaweza kuwapatanisha. Lakini mwingine atakayetoka kwenye mikondo yetu ya Mbwera na mkono wake akisimama pale, aonekane.

Pumzika, mama. Mungu akupe nafasi pana huko uliko.

Mwanao uliyempakia katikati ya mtumbwi