Mitetemo Miwili Begani

Awino, binti yangu,

Wafula wako amerudi barabarani. Tangu tukuzike, pikipiki yake ilikuwa imefunikwa turubai, nami sikumhimiza aitoe. Dereva asiyesikia honi, nilijiambia, afadhali akae nyumbani. Wiki iliyopita alivaa lile koti ulilomshonea, akaenda kutafuta abiria.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulificha mota ndogo zinazotetemesha simu, ulizozitoa kwenye simu kuukuu, ndani ya kiti cha pikipiki ili zimwonye, ukakijaribu hapa kwenye sakafu ya saruji, ukashangilia. Kumbe kwenye mashimo ya Kawangware kiti chote hutetemeka, na ishara yako ikamezwa. Wafula alirudi akatikisa makalio kukuonyesha, mkacheka hadi machozi. Ndipo ulipotazama jinsi abiria wanavyomwelekeza: humgusa bega la kulia, naye hukata kulia. Ukazihamishia mota mabegani mwa koti, na mgongoni ukashona kitambuzi cha kuhisi magari ya nyuma. "Mathe, hii kitu itamwongelesha kwa bega," ulisema. Nikakusahihisha: kitu hiki. Ukatabasamu, ukaendelea kushona.

Jana nilikuwa Kisumu Ndogo nikinunua dagaa wa omena. Wafula alikuwa akiteremka mlima kwa pikipiki, na nyuma yake likaja lori lililokatika breki. Watu walipiga mayowe. Mayowe yangemfaa nini? Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, pikipiki ilikuwa kando ya njia, na lori limempita, limekwama kwenye rundo la mchanga. Yeye mzima.

"Mwalimu, huyo mkwe wako ana macho kisogoni!" akapaza sauti muuza omena.

Jioni nilimwashiria Wafula anivalishe koti. Akarudi hatua kadhaa, kisha akanijia kwa kasi kutoka nyuma. Mabega yote mawili yakatetemeka mara mbili, upesi upesi, yakatulia, yakatetemeka tena mara mbili. Nilikuwa nimeinua mguu niende. Mguu ukasimama kabla sijafikiri.

Awino. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikikubana kiganja tulipokuwa tukivuka reli asubuhi ukienda shule. Mara mbili: simama, treni inakuja. Hukuniambia kamwe kwamba uliutia mkono wangu humo. Nimefundisha lugha maisha yangu yote. Hii sikujua kwamba nilikufundisha.

Pumzika, mwanangu. Betri ya koti nitaichaji mwenyewe kila jioni. Wafula hatatoka mlangoni bila mikono yetu mabegani mwake.

Mama yako.