Tungule Chini ya Mkeka wa Bi Rukia

Jumatano, Kipungani. Jua la leo halina adabu. Saa tatu asubuhi mchanga wa uani tayari unachoma nyayo.

Nina jambo la kukiri, na naona haya hata kuliandika.

Tungule zangu, hizo nyanya ninazohangaika nazo tangu mfungo uishe, zilikuwa zikitoa maua kisha zikiyaangusha. Nikimwagilia baada ya sala ya alfajiri, nikafunika udongo kwa makumbi ya nazi usikauke. Wapi! Jua la adhuhuri likayapukutisha yote. Wiki mbili zilizopita nikaona lazima nizitafutie kivuli. Mama mkwe wangu, Bi Rukia, alikuwa Lamu mjini kwa bintiye, na chini ya kitanda chake nikaona mkeka umekunjwa, mpya kabisa. Nikasimamisha miti minne, nikawa nautandaza juu saa tano na kuuondoa alasiri.

Maua yakashika. Sasa kuna vitungule vya kijani vya ukubwa wa gololi, na kwa furaha nikajisahaulisha kwamba sikuomba ruhusa.

Bi Rukia karudi jana. Leo mchana akatoka uani, akasimama mbele ya mkeka wake. Rangi imeshafifia, na kunguru nao wamefanya yao.

"Mwanangu," akasema, "huu ni mkeka wangu wa kuzikiwa."

Nilitamani ardhi inimeze.

Najua wazee wa hapa huweka sanda sandukuni mapema. La mkeka sikulijua. Huu Bi Rukia aliusuka baba mkwe alipofariki, na tangu hapo hajashika ukili wa kusuka tena. Husema kazi yake imekwisha, anangoja siku yake tu. Kila akisema hivyo naumia, maana mama mzazi simkumbuki, na huyu ndiye mama niliye naye.

Nikaomba radhi mpaka machozi yakanitoka. Yeye akainama, akakibonyeza kitungule kimoja kwa kidole, akacheka.

"Uwate papo hapo uzitie kivuli. Maiti hachomwi ni jua. Lakini umenitia kazini, sasa sifi mpaka nisuke mwengine. Kanitafutie miyaa."

Miyaa, majani hayo ya kusukia mikeka, imejaa tele kwa jirani. Kesho ningeweza kumletea mzigo mzima.

Lakini nimeshakata shauri. Nitamletea kidogo kidogo, asimalize upesi.