Historia ya Kukhu Nekesa, Kama Nilivyoisoma Ndani ya Basi

Ijumaa, jioni. Vumbi limetulia, joto limekataa kupungua.

Wacha niseme mapema ili wenye wivu watafute pa kukaa: katika Doha yote, kuanzia Al Thumama mpaka kule jangwani ambako hata ngamia hulalamika, hakuna mwanahistoria anayenifikia mimi. Hayupo. Niliacha shule kidato cha pili, na si kwamba nilishindwa, shule ndiyo ilishindwa kwenda na kasi yangu. Leo mchana nimesoma kurasa kumi mbele ya watu wazima, na mwanamume wa karibu miaka hamsini akalia mpaka akajipangusa kwa tai ya kazi.

Msinipigie makofi bado. Nianze mwanzo.

Bibi yangu mzaa baba anaitwa Nekesa. Kwetu Bungoma bibi tunamwita Kukhu. Yeye huniita "mume wangu," kwa sababu nilipewa jina la marehemu mume wake, Wanyonyi. Nafula, binti wa shangazi yangu, husema hiyo ndiyo ndoa pekee nitakayowahi kupata. Huyu Nafula anatandika vitanda hotelini hapa Doha na ulimi wake unaweza kukata shuka. Nimemsamehe.

Sasa, Kukhu ameanza kusahau. Wala hafichi. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, akasema, "Mume wangu, panya wameingia ghalani kichwani kwangu. Wanabeba punje moja moja. Njoo uchukue mahindi kabla hawajamaliza." Akataka niandike maisha yake yote, kisha nimsomee mwenyewe akiwa bado anaweza kusema hii ni yangu, hii si yangu.

Nyumbani kuna wajukuu wenye digrii zao zimetundikwa ukutani. Akanichagua mimi, mlinda geti.

Sababu ni jina. Kwenye boma letu maneno ya marehemu husemwa na aliyeachiwa jina lake, na babu alikuwa na maneno ya mwisho ambayo hakuna aliyeyasikia isipokuwa Kukhu. Alikuwa ameyakalia miaka yote hiyo. Hata watoto wake hakuwaambia. Alisema atayatoa mara moja tu, kwa Wanyonyi, na Wanyonyi atayatoa kwa wengine.

Kwa hiyo kwa miezi mingi shangazi Nanjala, mama yake Nafula, alimshikia simu, naye akasimulia. Mimi nikasikiliza getini Abu Hamour, kwenye makazi ninayolinda, ambako kazi yangu ni kuinua chuma gari lipite na kukishusha likishapita. Kazi inahitaji kipaji, lakini inaacha nafasi ya masikio. Kibandani nina daftari. Niliandika kwa mkono, tena mwandiko wa kulala vizuri, mwalimu wangu angezimia.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kusoma.

Baada ya ibada kanisani pale Mesaimeer, maana huku siku ya mapumziko ni Ijumaa, tuliingia kwenye basi la baba mdogo Barasa. Huyu ndiye kitinda mimba wa Kukhu. Anaendesha basi la wafanyakazi, Ijumaa huwaleta kanisani na kuwasubiri. Nje jua lilikuwa linakaanga watu bila mafuta, ndani kiyoyozi kinanguruma. Simu ikaegemezwa chupa ya maji juu ya dashibodi, na Kukhu akatokea. Yaani, kilemba chake kikatokea, pamoja na mabati ya paa.

"Mama, shusha simu! Tunaangalia mabati!" Nafula akapiga kelele.

"Nyamazeni," Kukhu akasema. "Mume wangu yuko wapi? Amekula? Aanze."

Nikakohoa kama mbunge. Nikaanza.

Nilisoma jinsi Kukhu alivyobaki mjane akiwa na watoto wawili mkononi, shangazi Nanjala na baba yangu Wekesa, na wa tatu tumboni. Babu alikwenda hospitali akiugua kifua, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na hakurudi. Matanga hayajapoa, mashemeji wawili, Makokha na Sitati, wakaanza kubishana nani atamrithi mjane pamoja na shamba lake. Wazee wakaketi uani. Kukhu akaitwa asimame katikati asikie amepewa nani.

Hakusikia. Uchungu ulimshika palepale. Kikao kikavunjika, wazee wakagombania kofia zao, na mtoto aliyezaliwa akaitwa Barasa kwa sababu alikuja siku ya baraza.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewatimua wazee," baba mdogo akasema akijipiga kifua.

"Wewe ulitimua nani?" Kukhu akamjibu kutoka Bungoma. "Ulikuwa kilo mbili, zilizobaki zote kelele."

Basi zima kicheko. Wafanyakazi wengine walikuwa wameshaingia kufuata ubaridi wakajikuta wamekaa kwenye historia yetu. Kulikuwa na mama mmoja wa Uganda aliyerudi kuchukua mwavuli wake tu. Alikaa mpaka mwisho, mwavuli mapajani.

Halafu nikafika kwenye maksai. Hapo ndipo nilipojua mimi ni hatari.

Enzi zile mwanamke hakushika plau. Ng'ombe wa kulima walikuwa mambo ya wanaume, na Kukhu aliambiwa akithubutu ardhi itakataa kuzaa. Wazee walipoitana mara ya pili, walimkuta tayari yuko katikati ya shamba, mtoto mgongoni, plau mkononi. Maksai wawili walioachwa na babu alikuwa amewabadilisha majina. Mmoja aliitwa Makokha, mwingine Sitati. Kila asubuhi kijiji kikawa kinaamshwa: "Makokha, mvivu wewe, tumbo kubwa kazi hakuna! Sitati, unaelekea wapi kama mlevi?" Mashemeji wenyewe wakipita njiani, watoto wanaanguka kwenye nyasi kwa kucheka. Mahindi hayajatoa hata ndevu, habari ya kurithi mtu ilikuwa imekwisha.

"Banange!" yule mama wa Uganda akapiga makofi. "Huyo mama mnipe namba yake!"

Nikaendelea kwamba Sitati ndiye aliyetembea ndani ya mtaro wa plau. Kukhu akanikata.

"Wapi! Mtaroni alikuwa Makokha. Sitati hakupenda kutia miguu kwenye mtaro. Futa hapo."

Nikafuta, mbele ya watu wote, kwa furaha. Panya hawajamaliza! Bado anajua ng'ombe gani alitembea wapi. Baba mdogo alinikonyeza kwenye kile kioo cha dereva.

Nikasoma sisi wengine. Jinsi mahindi ya maksai wale yalivyomsomesha baba yangu mpaka akawa mwalimu, na mwalimu huyo akanizaa mimi niliyeruka dirisha la darasa. Kukhu anasema kila shamba lina magugu yake, na kuna magugu yanayopendeza. Nikasoma jinsi shangazi alivyofungua duka la nafaka, na jinsi Nafula alivyokuja Doha akilia uwanja wa ndege na sasa ndiye anayewaliza wengine. Akanirushia kitambaa.

Kisha ukurasa wa kumi. Maneno ya babu.

Hakuna aliyeniambia nisimame, nilisimama tu. Baba mdogo alizima redio ambayo hata haikuwa inasema kitu. Hakumwona baba yake hata siku moja, hana picha yake. Nikasoma kwamba asubuhi ile ya kwenda hospitali babu alisimama mlangoni akamwambia mkewe: "Nekesa, usimpe mtu kamba ya ng'ombe wangu. Nyayo zangu zimo mtaroni. Wewe zifuate."

Kiyoyozi kikaendelea kunguruma.

Ndipo baba mdogo akainama juu ya usukani akalia, na tai ikafanya kazi yake. Nafula akamshika bega. Mama wa Uganda akaanzisha wimbo wa kanisani, wa Kiganda, hatukuujua, tukauimba hivyo hivyo. Wakaleta pilau iliyokuwa kwenye ndoo, tukala kwa mikono, watu nisiowajua wakinipa nyama kubwa kubwa na kuniita mwalimu. Mimi! Baba yangu angesikia angeanguka kwenye kiti.

Baba mdogo aliponyanyuka alisema Desemba akienda likizo atalijengea kaburi la babu kwa saruji, na maneno yale yatachongwa juu yake, yote, mpaka nukta ya mwisho. "Sasa nimemsikia baba," akasema. Alinikumbatia nikasikia mbavu.

Sijawahi kuwa na siku kama hii tangu nizaliwe. Ningeishia hapa ingekuwa vizuri. Wanyonyi bingwa, kesho kazini saa kumi na mbili asubuhi, usiku mwema.

Lakini mbona siwezi kufunga hii simu?

Haya. Nyumbani hawajui kama naandika humu mtandaoni.

Ujumbe wa maneno ya babu ulikuja siku moja mchana nikiwa getini; shangazi aliwasha kurekodi, akatumwa nje asiyasikie. Niliusikiliza mara moja, nusu sikio, kuna dereva alikuwa ananipigia honi nimwinulie chuma. Nikasema nitausikiliza vizuri baadaye. Wiki hiyo simu yangu ikajaa, ikakataa kupiga video, na mimi nilitaka kujipiga video Corniche, kule ufukweni, nimeegemea gari lisilo langu. Nikafuta vitu bila kuangalia. Shangazi naye alikuwa amebadilisha simu, kwa hiyo ujumbe ule haukuwepo tena popote.

Sikumwambia mtu. Ukurasa wa kumi niliutunga mwenyewe Jumatano, kibandani, kwa dakika labda kumi. Niliuona mtamu.

Ninachokumbuka cha kweli ni kwamba alitaja chumvi. Chumvi ya ng'ombe au ya mboga, sijui. Na Kukhu alikuwa akicheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo babu hakusema jambo kubwa. Alisema kichekesho, na kikamtosha mkewe maisha yote.

Nilipomaliza kusoma leo nilingoja anikate. Nilitamani anikate, kama alivyonikata kwa Makokha. Hakunikata, tukaona kilemba tu. Halafu akasema taratibu, "Nilikuwa nimeyasahau hayo. Asante, mume wangu, umenikumbusha."