Kuku wa Senje Jael

Bev, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Unakumbuka ile onyo ya El Niño nilituma kwa grupu ya familia, ati wanasayansi wametabiri mafuriko mwezi huu? Ni ya 2023! Nimeona tarehe leo asubuhi.

Na shangazi yangu, Senje Jael, ashavuna shamba lote la Likuyani. Mahindi bado changa, ina maziwa, Bev! Maziwa!

Ametoka hapa kwangu sasa hivi. Nilidhani amekuja kunigombeza. Kumbe ameniletea kuku. "Asante mtoto wa ndugu yangu. Mvua ikuje sasa, haitanipata."

Ningemwambia. Badala yake nikapokea kuku. Nikapokea, Bev!

Akifika mlangoni akageuka, anatabasamu: "Jumapili nilitangaza kanisani. Leo wote wako shambani, wanavuna."