Jeni mbili za kaka

Mwenzangu, nimechefukwa hadi sasa.

Baba mdogo ameisoma ripoti ya hospitali ya marehemu kaka sebuleni, mbele ya wafiwa wote. Alipofika kwenye zile jeni mbili zilizoharibika, akamgeukia mama: "Shemeji, moja ni yetu, basi nyingine ni ya kwenu."

Ya kwenu! Mwanawe hana hata wiki kaburini!

Nikamwambia kuwa daktari alisema kaka hakuzirithi. Zilimharibikia ukubwani, ndani ya uboho wa mifupa. Moja peke yake isingeleta saratani ile ya damu, zilipoungana ndipo zikammaliza.

Akacheka! "Msomi wetu huyo." Kisha akaomba chai. Kwa mama!

Na mama akainuka. Jikoni akaniuliza polepole, "Mwanangu, kweli ni mimi niliyempa?"